Nilitia chips zote kwenye Omaha huku simu ya Baba ikiita pajani

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wengine mnanifahamu humu kwenye nyuzi za friji na AC, huko ndiko huwa nachangia. Leo naandika la kwangu mwenyewe. Majina nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha.

Ni refu. Asiye na nafasi apite, sitamlaumu.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Malindi, nina miaka thelathini na minane. Kwetu ni Gongoni. Baba alihamia pale kutoka visiwa vya kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi mpaka macho yalipomshinda.

Waliowahi kufika pale wanajua. Jua la saa sita likipiga kwenye ule weupe huwezi kutazama. Baba aliutazama nusu ya umri wake. Mwishowe alikuwa anaona vivuli tu, akimjua mtu kwa sauti na kwa mwendo.

Mama alifariki zamani. Baba alikuwa akiishi na dada yangu mkubwa, Zuhura, ambaye ni mjane. Zuhura ndiye aliyenilea mimi pia, kwa sababu Mama alituacha nikiwa na miaka tisa.

Sasa karata.

Nilifunzwa na mteja wangu, Mama Lidia. Ni Mtaliano, umri wake na wa Baba ni mmoja, ameishi Malindi miaka mingi na Kiswahili anakijua vizuri. Friza yake ilikuwa ikijaza barafu kila baada ya miezi michache. Nikiwa nangoja barafu iyeyuke, ananitilia kahawa barazani na kutoa karata. Ndivyo nilivyoijua Omaha, na baadaye akanikaribisha kwenye meza ya pesa ya wenzake.

Kwa wasioijua: ni ndugu ya ile poker ya kawaida, ila hapa unapewa karata nne badala ya mbili. Mezani hufunuliwa tano, na dau huwekwa kwa chips, vile vibao vidogo vya plastiki. Mkono wako lazima uwe mbili zako na tatu za mezani, hakuna njia nyingine. Kwa kuwa kila mtu ana karata nne, kila mtu huwa na tumaini. Mama Lidia alikuwa akiniambia huo ndio ubaya wake, haikuachi hata mara moja ukaona kwamba huna kitu.

Sitasingizia shida, wakuu. Kazi ilikuwepo, watoto walikuwa wakila. Nilicheza kwa sababu nilikuwa mzuri. Kazini watu hunipigia simu wakiwa wamekasirika, maziwa yameharibika, nyama imeoza. Pale mezani watu wazima wenye majumba walikuwa wakinitazama usoni wajue nawaza nini. Hilo lilinilevya.

Baba hakujua. Yeye mtu wa msikitini, kamari kwake ni haramu, na kusema kweli hata kwangu ni haramu. Hilo sikuja kubishana nalo.

Alikuja kujua hivi. Alikuwa na miadi ya macho hapa Malindi. Zuhura akampandisha gari Gongoni, mimi nilikuwa nimpokee stendi. Nikaona nina nafasi ya kucheza kidogo kabla hajafika. Nilipozinduka saa tatu zilikuwa zimepita, na Baba alikuwa ameketi pale stendi kwenye kreti ya soda, juani, akimuuliza kila anayepita kama amemwona mwanawe fundi.

Nikamwambia nilibanwa na kazi. Lakini muuza maji wa pale stendi, aliyeniona nikienda kwenye karata, alikuwa amekwisha kumwambia niliko, kwa nia njema tu, alikuwa akimtuliza.

Baba hakupiga kelele. Alisema, "Karata ni baina yako na Mola wako. Mimi umenidanganya nikiwa nimeketi juani."

Akaomba arudishwe nyumbani. Kwa daktari hakutaka tena.

Baada ya hapo hakuzungumza nami kwa miezi minane. Nilikuwa nikienda Gongoni, nasema shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anageuzia uso redio. Nikituma kitu kupitia kwa Zuhura anakipokea, anashukuru kwa Zuhura.

Kisha Zuhura akanipigia siku moja katikati ya wiki. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Baba anasema Jumapili uje ule chakula cha mchana. Amesema mwenyewe, sikumwambia mimi."

"Amesema kwa ajili ya nini?"

"Hakusema. Amesema nichome mkate wa mofa, na samaki atakwenda kumchagua yeye. Njoo, mdogo wangu. Usiniulize maswali."

Jumapili hiyohiyo, wakuu, ndiyo ilikuwa siku ya mashindano.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja ya hapa, kuanzia saa tatu asubuhi. Omaha tupu. Mshindi anapelekwa Nairobi kucheza kwenye meza kubwa, kila kitu kimelipiwa. Nilikuwa nimepigania nafasi ya kuingia kwa miezi.

Ningeweza kumwambia Zuhura tufanye Jumapili ya pili. Ningeweza kutokwenda kwenye karata. Nilichofanya ni kumwambia nina AC za kufunga Watamu, ni kazi ya haraka, nikimaliza nitakuja hata ikiwa ni alasiri.

Akasema, "Basi nitamwambia. Usichelewe sana."

Mke wangu na watoto walikuwa kwao Tezo wiki ile, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kuniuliza. Hata hivyo asubuhi nilitoka na begi langu la vifaa begani, majirani waone naenda kazini. Nikaingia nalo ukumbini, nikaliweka chini ya kiti.

Nilicheza vizuri kuliko siku yoyote. Watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja, mimi nipo. Kila saa najiambia nikitolewa sasa hivi nitawahi chakula. Sikutolewa. Ilipofika saa nane tulikuwa tumebaki watano kwenye meza ya mwisho, na mmoja wao alikuwa Mama Lidia.

Sasa nieleze ule mkono wenyewe, kwa sababu nimeucheza kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali.

Nilipewa ree ya shupaza, ree ya kopa, kumi ya shupaza na tisa ya kopa. Ree ni ile Ace, kwa wale wasiotumia jina hilo. Mkono mzuri sana kuanzia. Nikaongeza dau, Mama Lidia akaongeza juu yangu, nikamfuata. Wengine wakajitoa. Tukabaki mimi na yeye.

Zikafunuliwa tatu za kwanza: King ya shupaza, saba ya shupaza, mbili ya uru.

Mama Lidia akasukuma dau kubwa kabisa linaloruhusiwa, sawa na kilichokuwa katikati ya meza. Hakufikiri hata kidogo.

Nilicheza na yule mama miaka minne. Nilijua ana King mbili mkononi, maana yake pamoja na ya mezani ana tatu. Ree zangu mbili hazikuwa kitu tena. Nilichobakiwa nacho ni kungoja shupaza moja, ya tano, itoke katika karata mbili zilizosalia, na hata shupaza zenyewe kuna moja ambayo ingemfaa yeye zaidi kuliko mimi. Nafasi yangu ilikuwa chini ya theluthi. Nikijitoa pale, nabaki na chips za kutosha kuendelea. Nikifuata, zinaingia zote.

Mkono wa kujitoa ule. Hata anayeanza angejitoa.

Hapo ndipo simu ikatetemeka pajani.

Nikaichungulia. Kioo kimeandika BABA.

Naomba mnielewe. Baba hakuwa mtu wa kupiga simu. Kwa macho yale, kubonyeza namba ilikuwa kazi ya dakika kadhaa, kwa kupapasa. Alikuwa na kale kasimu kadogo ka vibonye, Zuhura alikuwa amembandikia kipande cha plasta kwenye kile kitufe cha katikati apate pa kuanzia. Miezi minane jina lile halikuwa limetokea kwenye simu yangu.

Sheria ya meza ilikuwa ukipokea simu ukiwa na karata mkononi, karata zako zimekufa. Kwa hiyo kupokea ni sawa na kujitoa, na kujitoa ndiyo ilikuwa hesabu sahihi. Nimeliwaza hili sana. Siku ile mchezo wenyewe na Baba walikuwa wananitaka nifanye jambo moja.

Mama Lidia aliniona nikitazama chini.

"Ni nani?" akaniuliza.

"Baba."

Alijua habari za stendi, nilimsimulia mwenyewe. Akamgeukia msimamizi. "Mimi sina pingamizi. Apokee, karata zake zibaki. Nitangoja."

Msimamizi akasema, "Mpinzani akikubali, mimi pia nakubali. Dakika mbili."

Wakuu, nilipewa ruhusa. Lile linaloniumiza ni hili. Hakuna aliyenizuia.

Nikasema, "Si muhimu. Nitampigia."

Mama Lidia akanitazama. "Baba yako si muhimu leo?"

Simu ikaendelea kutetemeka, kisha ikanyamaza.

Nitawaambia kwa nini sikupokea, kwa sababu kuna atakayefikiri ni uroho wa ushindi. Niliogopa sauti yake. Niliogopa atasema "uko wapi, mwanangu," na nyuma yangu kuna mlio wa chips na watu wanacheka, na masikio ya mtu asiyeona husikia kila kitu. Ningelazimika kumdanganya kwa mara ya pili, yeye mwenyewe, sikioni. Sikuweza. Nikaona afadhali nisipokee.

Na nikafanya hesabu ya kipumbavu. Nikajiambia natia zote. Nikishindwa, basi nimetoka, naondoka sasa hivi, saa tisa niko Gongoni nakula na Baba. Nikishinda, nitaona.

Nilizibebesha karata uamuzi wangu.

Nikasema all-in.

Mama Lidia akafunua. King mbili, kama nilivyojua. Mimi nikafunua zangu, nikasikia mtu mmoja nyuma akicheka taratibu, kwa sababu ilionekana wazi ni upuuzi.

Karata ya nne, nne ya pau. Haikunisaidia. Nikaanza kuinuka. Naapa kwa Mungu nilikuwa nimekwisha kushika ukanda wa begi.

Karata ya tano, tano ya shupaza.

Meza yote ikaguna. Shupaza tano, yangu ikiwa kubwa, nazo hushinda King tatu. Nimeshinda. Nikaketi tena.

Mama Lidia, chips zake zikiwa zimekwisha, alichukua mkoba wake, akaizunguka meza, akaniwekea mkono begani. "Umecheza vibaya ukashinda," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa mpigie."

Nikamwambia tukienda break.

Break ilikuja baada ya karibu saa nzima. Nilitoka nje, nikampigia Baba. Iliita mpaka ikakatika. Nikampigia Zuhura, ikawa vilevile. Nikajua wamekasirika. Nilihisi hata mimi nina haki ya kukasirika, kwamba mtu anafanya kazi siku ya Jumapili na watu hawamwelewi. Mnaona mahali nilipofika, nilianza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Nikaitia simu ndani ya begi la vifaa, nikarudi mezani.

Nilitoka wa tatu. Mkono ulionitoa siukumbuki. Nimejaribu kuukumbuka, haupo.

Nilipoitoa simu ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Missed calls tisa, zote za Zuhura. Nikampigia nikiwa nashuka ngazi za hoteli.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Watamu. Ndiyo namalizia."

"Njoo nyumbani."

"Baba amekasirika sana?"

"Njoo nyumbani tu, mdogo wangu."

Nilichukua bodaboda ya moja kwa moja. Tulivuka daraja la Sabaki, tukapita njia ya kuingilia Mambrui, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuombea radhi. Nilikuwa nimeyapata mazuri sana. Tulipokata kona ya kwetu nikaona wanaume wamesimama vikundi vikundi, na mikeka imetandikwa nje.

Yule wa boda akazima pikipiki kabla hatujafika. Akasema, "Pole, kaka." Yeye alielewa kabla yangu.

Mzee mmoja jirani alinipokea. Akanivua lile begi begani kwa mikono yake, akawaambia wenzake, "Mpisheni. Maskini ametoka kazini moja kwa moja."

Wakaniachia njia. Watu wazima wakanipa mkono wa pole, wakimsifu Baba kwa kulea mtoto mchapakazi. Mimi nikapita katikati yao.

Alikuwa amelazwa chumbani kwake. Alioshwa na kukafiniwa, akazikwa kesho yake asubuhi walipofika ndugu kutoka Lamu. Niliingia kaburini kumpokea, kama inavyompasa mwana. Mikono ilifanya ilichotakiwa kufanya.

Siku ya tatu ya matanga ndipo Zuhura aliponisimulia. Tulikuwa uani, wawili tu, anaosha masufuria.

Alisema Baba aliamka mapema akaenda sokoni kwa samaki, ameshikwa mkono na jirani. Alikataa kuchaguliwa. Aliwapapasa mmoja mmoja matamvuani mpaka akapata changu aliyemridhisha. Baada ya adhuhuri akaketi mkekani akiwa amevaa kanzu safi, akasema nisubiriwe.

"Ilipofika saa nane akaomba simu yake," Zuhura alisema. "Nikamwambia nipe nikupigie mimi. Akakataa. Alitaka kukuuliza kama umekaribia, nitie mkate mofani ama ningoje. Alisema mkate wa mofa ukipoa haufai, na wewe unaupenda wa moto."

Basi. Simu ilikuwa ya mkate.

"Ulipokosa kupokea, nilidhani atanuna. Akasema, 'Atakuwa juu ya ngazi huyo. Akishuka atapiga.' Akaiweka simu pembeni yake. Nikamwambia ale kidogo, akasema tutakula sote. Baadaye akasema anajinyoosha, nami nikarudi uani kwenye mofa, hata ulipopiga sikusikia. Nilipokwenda kumwamsha kwa alasiri hakuamka."

Daktari alisema moyo. Alisema huenda hakusikia maumivu.

Siku hiyohiyo ya tatu Mama Lidia alikuja Gongoni, amejifunga mtandio, amekuja na sukari na majani ya chai kama watu wa kwetu wanavyofanya. Zuhura akamuuliza tunajuana vipi. Mama Lidia akanitazama mara moja, akasema, "Amekuwa akinitengenezea friza yangu." Alinificha, na sikumshukuru, kwa sababu sikutaka tena kufichwa.

Nilikaa na jambo lile mpaka arobaini. Baada ya hitima, watu walipoondoka, nikamweleza Zuhura kila kitu. Hoteli, karata, Watamu ya uongo, begi la vifaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Baba alipopiga, uliliona jina lake?"

Nikasema, "Nililiona."

Akainuka akaenda kuanua nguo kambani.

Hajanitukana, wakuu. Hajamwambia mtu. Lakini tangu siku ile, nikienda nyumbani ananipokea kama mgeni. Zamani nilikuwa naingia jikoni nafunua sufuria mwenyewe, ananipiga mkononi kwa mwiko. Sasa ananitandikia mkeka sebuleni. Ananiletea maji ya kunawa, sahani ile ya maua iliyokuwa ikitoka kabatini kwa wageni, na anasema, "Karibu, tafadhali." Nikimaliza anasema, "Ahsante kwa kuja."

Karata nimeziacha. Sisemi ili nisifiwe, niliziacha kwa sababu nikizishika naliona jina lile kwenye kioo cha simu. Kwa Mama Lidia naenda bado, friza ile haijapona. Hatuzungumzii siku ile.

Nililojifunza ni dogo na nimelilipia sana. Mzazi akipiga, pokea. Ikiwa huna la kweli la kumwambia, pokea hivyohivyo. Ningepokea nikamdanganya, ningekuwa nimetenda dhambi ya pili, lakini angekula, na mimi leo ningekuwa na sauti yake ikiniuliza habari za mkate. Nilitaka nisimdanganye, nikaishia kumwacha na njaa.

Na kwa wanaocheza: mkono ule msiniulize kama ningeushinda tena au la. Ninajua hesabu yake.

Mnaotaka kunilaumu nilaumuni, nitasoma yote. Ila kama yuko humu aliyewahi kugeuzwa mgeni na ndugu yake mwenyewe kwa kosa alilolitenda kweli, na baadaye akarudi kuwa ndugu, naomba aniandikie hapo chini alianzia wapi. Ijumaa naenda Gongoni, na sijui kama niketi sebuleni au niende jikoni.